Ukimfukuza mchungaji, umelipofusha zizi

Ndugu Mhariri,

Tangazo la kutafuta mchungaji wa ng'ombe huwa fupi kuliko matangazo yote ya kazi. Awe na nguvu, awe mwaminifu, awe tayari kuanza mara moja. Hakuna anayeuliza kama mwombaji anajua kusoma masikio ya ng'ombe, wala mwenye mifugo hasemi mchungaji anayeondoka atabaki siku ngapi kumwonyesha mwenzake kundi. Mgeni hukabidhiwa fimbo asubuhi, jioni anahesabiwa kuwa ameshaizoea kazi. Wiki ikiisha maziwa yamepungua, mitamba wanaruka wakiona ndoo, na lawama inaangushiwa majani. Tunaomba nafasi tueleze ni kitu gani hasa kilichotoka langoni pamoja na yule mchungaji wa zamani.

Watu wakisikia kwamba mchungaji na ng'ombe wake wamezoeana hudhani ni habari ya huruma, kitu cha kumpigia makofi mzee mwenye roho nzuri. Kwetu ni habari ya kazi. Ng'ombe amejifunza mtu, na mtu amejifunza ng'ombe mmoja mmoja, na mafunzo hayo hayahami kutoka kichwa kimoja kwenda kingine kwa kukabidhiana funguo.

Tuanze na upande wa ng'ombe. Huyu ni mnyama wa kuwindwa. Babu yake wa mwituni, auroksi, alianza kufugwa Mashariki ya Kati miaka kama 10,000 iliyopita, na wa mwisho wa aina hiyo alikufa Poland mwaka 1627. Umbo lilipungua, woga ukabaki. Macho yamekaa pembeni mwa kichwa, hivyo anaona karibu duara zima, kama nyuzi 330 kati ya 360. Kipande kilichofichika ni kile cha nyuma ya mkia. Lakini sehemu ya mbele ambayo macho yote mawili yanaiona kwa pamoja ni nyembamba, kwa hiyo kupima kina cha kitu kunampa taabu mpaka ainamishe kichwa. Ndiyo sababu husimama ghafla mbele ya dimbwi, kivuli cha nguzo, au kamba iliyolala njiani. Anayemjua humwachia sekunde kadhaa anuse, kisha anapita mwenyewe. Asiyemjua humchapa, na kuanzia siku hiyo mahali pale panakuwa pa kuogopwa mara mbili: kwa kivuli na kwa fimbo. (Kitambaa chekundu, kwa wanaopenda kuuliza, hakimkasirishi, rangi hiyo haioni vizuri. Kinachomshtua ni kule kupepea.)

Masikio nayo ni makali kuliko yetu. Sikio la binadamu huishia mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, la ng'ombe hufika 35,000. Lango la chuma linalogongana au mluzi mwembamba unaotukera sisi kidogo, kwake unachoma. Mchungaji mzuri mara nyingi ni mtu wa sauti ya chini, na mwito wake ni uleule mmoja siku zote, akiutumia pale tu anapokuwa na jambo jema la kutoa: chumvi, maji, lango la malisho mapya. Mwito ukitumiwa pia kuwaita kwenye sindano, umekufa.

Kila ng'ombe ana mpaka wa woga unaomzunguka. Ukiwa nje ya mpaka huo anakutazama tu, ukiingia anaondoka. Kwa ng'ombe wa porini asiyezoea watu mpaka huo unaweza kuwa makumi ya mita, kwa wa maziwa aliyezoeshwa vizuri haupo kabisa, unamfikia na kumshika. Temple Grandin, mtaalamu wa tabia za wanyama wa Marekani, ndiye aliyeieneza zaidi elimu hii kwa wajenzi wa mazizi na njia za kupitishia mifugo, ingawa wachungaji waliitumia kabla haijaandikwa. Ndani ya mpaka huo bega ndilo mizani. Ukisimama nyuma ya bega anakwenda mbele. Ukisogea mbele ya bega anasimama au anarudi. Ukitaka aende mbele kwenye njia nyembamba, tembea kando yake kutoka kichwani kuelekea mkiani. Ukilipita bega tu, miguu yake inaanza. Akishaanza, toka kwenye mpaka wake mara moja. Huko kutoka ndiko malipo yake. Wageni wengi hukosea hapo: ng'ombe ametii, wao bado wanamsukuma, naye hujifunza kwamba kutii hakuondoi usumbufu. Tena husimama nyuma kabisa ya mkia, mahali asipoona, halafu wakipigwa teke wanasema ng'ombe ni mkorofi.

Mpaka huo una faida nyingine: unaweza kuupima, na kwa kuupima unajua mazoea yamefikia wapi. Wakati ng'ombe wamesimama kwenye hori, simama hatua tano mbele ya mmoja. Hakikisha amekuona. Mwendee polepole, hatua moja kwa sekunde, mkono mmoja mbele, kiganja chini, bila kumkazia macho. Pale anapoinua mguu kurudi au anapogeuza kichwa kukukwepa, hesabu umbali uliobaki kati ya mkono na pua yake. Andika. Rudia kila wiki saa ileile, umevaa nguo zilezile. Umbali ukipungua, kazi inakwenda vizuri. Ukiongezeka kwa ng'ombe mmoja, kuna kitu kimempata yeye. Ukiongezeka kwa kundi zima, kuna mtu anawapiga usipokuwapo. Hatujaona mpelelezi mzuri kuliko huyu.

Kwa sababu ng'ombe hutofautisha watu. Majaribio yaliyofanywa na watafiti wa Ulaya na Kanada yameonyesha kwamba humtambua aliyewatendea ukatili na aliyewatendea upole, wakitumia rangi ya nguo, kimo na hata uso. Kutokana na hili tunashauri jambo ambalo wenye mifugo wengi hulipuuza: mchungaji wa kila siku asiwe mchomaji sindano, mkata pembe wala mhasi. Mtu mwingine afanye, avae koti la rangi nyingine ambalo halivaliwi kwa kazi ya kawaida, na ifanyike mahali pengine mbali na pa kukamulia. Kama mtu ni mmoja tu na hana msaidizi, basi walau abadili koti na mahali, na akimaliza amwachie ng'ombe chumvi palepale kabla ya kumfungulia.

Sasa maziwa, maana hapa ndipo hasara inapoonekana kwa macho. Kiwele kikishikwa, kikapanguswa na kusuguliwa taratibu, ubongo wa ng'ombe huachia homoni ya oksitosini, na baada ya dakika moja hadi mbili chuchu hujaa. Nguvu ya homoni hiyo haidumu. Una dakika kama tano hadi saba za kukamua, ndiyo maana anayeosha kiwele kisha akaenda kutafuta ndoo amejiibia mwenyewe. Ng'ombe akiogopa hutoa adrenalini, na hiyo huzuia maziwa kushuka. Si lazima apigwe. Watafiti waliwahi kumsimamisha karibu na wakamuaji mtu aliyewatesa ng'ombe siku zilizopita, na maziwa yaliyobaki ndani ya kiwele yakaongezeka. Mtu huyo hakufanya lolote, alisimama tu. Maziwa yanayobaki huuambia mwili kwamba hayahitajiki, basi siku zinazofuata hutengenezwa machache, na kiwele chenye bakteria kinapoachwa na maziwa, ugonjwa wa kiwele hukomaa. Kwa hiyo mkamuaji mpya akianza leo, upungufu wa wiki ya kwanza usitibiwe kwa kuongeza pumba. Mwanzishe kwa ng'ombe wazee watulivu, mitamba waliozaa karibuni waachiwe mkono wanaoujua. Na mtamba asikutane na mahali pa kukamulia kwa mara ya kwanza siku aliyozaa: wiki mbili au tatu kabla, apitishwe hapo kila siku, ale kidogo, apapaswe ubavu, nyonga, kisha kiwele.

Kupapasa nako kuna mahali pake. Wengi humpiga ng'ombe vikofi mgongoni au humkuna utosini wakidhani wanambembeleza. Tazama ng'ombe wenyewe wanavyolambana: ni shingoni, hasa upande wa chini, na kwenye mabega. Watafiti wa Vienna waliposugua sehemu mbalimbali za mwili, ni huko chini ya shingo ambako ng'ombe walinyoosha shingo na kulegeza masikio kuliko kwingine. Dakika mbili kwa ng'ombe, mara chache kwa wiki, zinatosha. Utosi uachwe, na tutasema kwa nini tukifika kwa mafahali.

Majina je? Mwaka 2009 Catherine Bertenshaw na Peter Rowlinson wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walichapisha majibu ya wafugaji 516 wa ng'ombe wa maziwa. Waliokuwa wakiwaita ng'ombe kwa majina walipata wastani wa lita 258 zaidi kwa kila ng'ombe kwa msimu wa kukamua. Utafiti huo ulipewa ile tuzo ya mzaha ya Ig Nobel, watu wakacheka. Sisi hatusemi jina linatoa maziwa. Mwenye kumpa ng'ombe jina ndiye huyohuyo anayemgusa, anayekumbuka mama yake, anayegundua kwamba leo hakula. Jina ni dalili ya mtazamaji.

Na kutazama ndiyo nusu ya pili ya uhusiano huu, ile iliyo kichwani mwa mchungaji. Kundi likitoka zizini halitoki ovyo. Lina mpangilio, na siku hadi siku haubadiliki sana: wa mbele ni walewale, wa katikati ni walewale. Anayetangulia si lazima awe mbabe. Mbabe ni yule anayefukuza wenzake majini, na mara nyingi hutembea katikati. Anayejua mpangilio huo hahitaji kipimo kingine cha kwanza cha ugonjwa. Ng'ombe wa tatu akitoka wa mwisho, mwangalie leo, usingoje kesho. Tazama mgongo wake akitembea: ukijikunja kama upinde na hatua zikawa fupi, kwato zinauma kabla hajaanza kuchechemea waziwazi. Kichwa kikipanda na kushuka kwa kila hatua, mara nyingi tatizo liko miguu ya mbele.

Wakati wa kupumzika tazama midomo. Ng'ombe mzima hucheua saa saba au nane kwa siku, kwa vipande vipande, na kila tonge hulitafuna mara 40 hadi 70. Kati ya waliolala kivulini, angalau nusu wawe wanacheua. Aliyelala hacheui, masikio yamelegea pembeni, pua kavu, huyo apimwe joto: kipimajoto kwenye njia ya haja kubwa, kikiegemea ukuta wa ndani na si kuzama kwenye kinyesi, dakika moja hadi mbili. Kawaida ni kati ya nyuzi za Selsiasi 38 na 39.3, asubuhi kabla jua halijawa kali ikipita 39.5 kuna jambo. Ubavu wa kushoto, lile shimo la nyuma ya mbavu, lisiwe limevimba na kukaza kama ngoma. Hiyo ni gesi, huja zaidi baada ya kula mikunde michanga yenye umande, na inaweza kuua ndani ya saa chache. Anayemjua ng'ombe anajua pia shimo lake huwa na kina gani siku ya kawaida, maana hawalingani. Kitabu kitakupa kipimo cha ng'ombe wote. Kipimo cha huyu mmoja hakimo kitabuni.

Kuhesabu ni jambo dogo, ila wageni hukosea kila mara. Hesabu ya vichwa hudanganya: 40 walitoka, 40 wameingia, na mmoja wao ni wa jirani. Hesabu kwa koo. Mama na mabinti zake, kisha ukoo unaofuata. Nafasi tupu huonekana yenyewe, na unajua papo hapo nani hayupo na rafiki yake ni nani, kwa kuwa ng'ombe hupotea karibu na waliozoeana nao.

Tahadhari kuhusu mafahali. Mazoea yakizidi mahali pasipostahili huua. Ndama dume aliyelelewa peke yake kwa ndoo, bila ndama wenzake, hukua akimhesabu binadamu kuwa wa jamii yake, na akikomaa humpima nguvu kama angempima fahali mwenzake. Watoto hupenda kusukumana naye utosini akiwa mdogo. Mchezo huo ndio anaourudia akiwa na kilo 600. Alelewe na wenziwe, asikunwe utosi kamwe. Fahali anayekugeuzia ubavu, akapinda mgongo, akainamisha kichwa na kutifua vumbi kwa kwato za mbele hajiringi, anakutisha. Usimpe mgongo, usikimbie. Rudi nyuma taratibu ukimwangalia hadi ufike kwenye uzio. Fahali aliyewahi kumshambulia mtu aondolewe kundini, awe wa damu bora kiasi gani.

Kinachovunja haya yote kinajulikana na hatutakirefusha: kelele, mbwa asiyefundishwa, kumsokota ng'ombe mkia, lango kufungwa kwenye ubavu wa anayepita, ng'ombe mmoja kutengwa peke yake hadi anapagawa, na saa za kutoka zinazobadilika kila siku kwa sababu mchungaji amekwenda kutumwa. Mwenye mifugo anayemtuma mchungaji dukani saa ya kufungulia ndiye aliyevuruga, asimtafute mwingine.

Ombi letu kwa wenye mifugo ni siku 21 za makabidhiano. Hatukuokota namba hiyo. Ng'ombe jike asiye na mimba hupata joto, yaani hutaka dume, kila baada ya siku 21 kwa wastani, kati ya 18 na 24, na kule kusimama akubali kupandwa hudumu saa chache tu, mara nyingi usiku au alfajiri. Kila mmoja ana namna yake: huyu hulia, yule hukaa karibu na uzio, mwingine haonyeshi lolote isipokuwa ute mkiani. Katika siku 21 karibu wote wasio na mimba watakuwa wameonyesha walau mara moja, mchungaji wa zamani akiwapo kusema: huyu ndivyo alivyo. Joto moja likipita bila kuonekana, umepoteza wiki tatu za ndama na za maziwa.

Siku tatu za kwanza mgeni asiguse kitu, atembee tu nyuma ya mwenyeji. Siku ya nne agawe chumvi kwa mkono wake, mwenyeji akiwa kando. Kuanzia wiki ya pili afungue lango yeye na kuita kwa mwito uleule, auige hata kama sauti yake ni tofauti, na mwenyeji ahamie nyuma ya kundi. Wiki ya tatu mwenyeji akae mbali asipoonekana, aje jioni tu kuulizwa maswali. Katikati ya hayo wajaze daftari, ukurasa mmoja kwa kila ng'ombe: jina, mama yake, alama, nafasi yake kwenye msafara, anagombana na nani, anapenda kukamuliwa upande upi, magonjwa aliyougua, tarehe aliyopandwa na ile ya kuzaa, siku 283 mbele, zebu, wale wenye nundu, wakichelewa kidogo. Mchungaji asiyejua kuandika aseme, mwingine aandike. Na siku hizo 21 alipwe zote, wote wawili, la sivyo anayeondoka atasema nusu.

Siku ya mwisho, kabla hajaondoka, amwachie mwenzake koti lake la kuchungia. Lisifuliwe. Mgeni alivae wiki yake ya kwanza bila mwenyeji, hasa saa ya kukamua, kisha siku moja alivae la zamani, siku moja la kwake, mpaka kile kipimo cha hatua kwenye hori kiwe sawa kwa makoti yote mawili.

Ni sisi, wafugaji na wachungaji wa ng'ombe.